Nyanya za Nyuma ya Nyumba na Nyanya za Kwenda Mjini

Niliahidi kwamba wiki hii tutaendelea na kitalu cha vitunguu. Tutaendelea, msihofu, ila leo naomba nikiweke pembeni. Kuna jambo limenikaa kooni kwa miaka kadhaa, na msimu huu wa nyanya nimeshindwa kulimeza.

Nilipoajiriwa, nikiwa na stashahada mpya na pikipiki ya ofisi ambayo mafuta yake yalikuwa ya kubahatisha, nilipangiwa kata moja ya wakulima wa nyanya upande wa kaskazini wa Mlima Meru. Siku moja nikamtembelea mama mmoja mwenye kama ekari moja na nusu. Shamba lilikuwa safi, mfereji unatiririka, miche imefungwa kamba vizuri. Tukazunguka, tukaongea habari za mbolea, nikaandika kwenye daftari langu. Wakati wa kuaga nikaona matenga yamejaa yamepangwa kando ya njia yakisubiri gari. Nikainama nichukue nyanya mbili nile njiani. Mama akanishika mkono.

"Hapana, Bwana Shamba. Hizo usile mwanangu, hizo ni za kwenda Arusha. Tumezipiga dawa jana. Ngoja nikuchumie za nyuma ya nyumba."

Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye mistari miwili ambayo haijawahi kuona solo, akanijazia mfuko. Zilikuwa ndogo, nyingine zina madoa, nyingine zina vitundu. Nikasema asante mama, nikapanda pikipiki, nikaondoka. Nilizila na zilikuwa tamu. Jioni ile gari likabeba matenga kwenda mjini, na mimi sikusema neno.

Mama yule hakuwa mtu mbaya. Alinizuia kwa sababu ya huruma, kama ambavyo angemzuia mwanawe. Lakini huruma ile iliishia pale matenga yalipopangwa. Aliyekuwa mbele ya macho yake alistahili nyanya salama. Aliyekuwa Sakina, Ngarenaro au Unga Limited, ambaye hatamwona kamwe, alistahili zile za jana.

Tangu siku hiyo nimekaa kwenye semina nyingi kuhusu matumizi salama ya viuatilifu. Kila semina ina bango, ina soda, na ina mtu anayesimama kusema kwamba tatizo kubwa la mkulima wetu ni elimu. Mimi nimechoka na maneno hayo. Mkulima anayetenga mistari miwili ya watoto wake hana tatizo la elimu. Anajua dawa ni sumu, anajua haijaisha, anajua itamfikia mlaji. Somo amelielewa kuliko mtoa mada. Kinachokosekana hapo ni uaminifu, na uaminifu haufundishwi kwa bango.

Kwa wasiofahamu, kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kati ya kupuliza mara ya mwisho na kuvuna. Zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa au pakiti. Nyingine ni siku moja, nyingine ni tatu, nyingine ni saba, nyingine ni kumi na nne na zaidi. Ndizo siku ambazo jua, mvua na mmea wenyewe vinaivunja ile sumu mpaka ifike kiwango ambacho mtu anaweza kula. Ukichuma kabla, unauza chakula pamoja na dawa. Hakuna fumbo hapo, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuhesabu.

Na ushahidi kwamba wakulima wetu wanajua kuhesabu tunao hapa hapa Meru. Kuna wakulima wanaolima maharage machanga kwa mkataba, yale ya kupakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya. Nenda kaangalie shamba la namna hiyo. Utakuta daftari la kupuliza lenye tarehe, jina la dawa, kipimo, jina la aliyepuliza na tarehe ya kuanza kuchuma. Siku ambazo hazijatimia, hagusi mtu ganda. Kwa nini? Kwa sababu mzigo utapimwa, na ukikutwa na masalia unarudi na mkataba unakufa. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo kwa machungu. Mwanzoni mwa 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya shehena za maharage na njegere kutoka Kenya, baada ya kukuta masalia ya dawa, hasa dimethoeti, yaliyozidi kiwango. Wakulima wadogo wengi walipoteza soko.

Sasa chukua mkulima huyo huyo wa maharage. Upande wa pili wa mfereji ana nyanya. Solo ni ile ile, mkono ni ule ule, na pengine hata ndoo ya kukorogea ni ile ile. Kwenye maharage anahesabu siku, kwenye nyanya hahesabu. Mlaji wa London, ambaye hatawahi kumsalimia, anahesabiwa siku zake zote. Mama ntilie wa Kilombero, anayezungumza naye Kiswahili na pengine Kimeru, anapewa ya jana. Nikisema hivi kwenye mikutano watu wanacheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Maana yake ni kwamba tunamheshimu mwenye kipimo na tunamdharau asiye nacho, hata kama ni ndugu yetu.

Najua majibu, maana nimeambiwa yote. La kwanza ni kantangaze, na hili ni jibu la mtu mzima, nalipa heshima yake. Mdudu huyu alionekana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2014, hapa hapa Meru, eneo la Ngabobo. Kabla yake tulikuwa tunapambana na ukungu na funza wa matunda. Alipoingia yeye, kiwavi wake akawa anajificha ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali dawa ya juu juu haifiki. Nimeona watu wazima wakilia shambani. Ekari nzima inaungua kama imepitiwa na moto, na mtu ana deni la pembejeo na deni la kukodi shamba. Hapo ndipo kupuliza mara moja kwa wiki kulipogeuka kuwa mara mbili, kisha mara tatu, kisha mchanganyiko wa kila kilichopo dukani.

Lakini tuongee ukweli. Kantangaze ameeleza kwa nini unapuliza. Hajaeleza kwa nini unachuma kesho yake. Na michanganyiko mingi ninayoikuta haimhusu kabisa. Unakuta mtu ametia mankozebu, dawa ya ukungu ambayo haiui mdudu yeyote, akaongeza aina mbili za dawa ya wadudu zenye kiambato kile kile kwa majina tofauti ya biashara, akaamini amepiga ngumi tatu. Amelipa mara tatu kwa ngumi moja, na mdudu anazidi kuwa sugu. Tabia hii si ya jana. Utafiti wa wataalamu wetu uliochapishwa mwaka 2007 kwa wakulima wadogo wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania ulikuta karibu theluthi moja wanachanganya dawa, miaka saba kabla kantangaze hajafika. Utafiti huo huo ulikuta asilimia 68 ya wakulima walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupuliza. Kichwa, kizunguzungu, ngozi kuwasha. Kwa hiyo hata anayeshika solo haponi, na siku hizi anayeshika solo mara nyingi ni kibarua wa kutwa ambaye hata jina la dawa hajaambiwa.

Jibu la pili ni hasara. "Bwana Shamba, wewe una mshahara, mimi nikisubiri siku saba nyanya zinaivia shambani na dalali anakwenda kwa jirani." Hoja hii ina uzito, kwa sababu nyanya huchumwa kila baada ya siku nne mpaka saba, kwa wiki kadhaa mfululizo. Ukitumia dawa ya siku kumi na nne katikati ya mavuno, huwezi kuwa mwaminifu hata ukitaka. Ndiyo maana kosa linaanza mapema, siku unaponunua dawa bila kusoma kibandiko. Dawa za siku nyingi ni za mwanzo, wakati mche bado mchanga na maua ndiyo yanaanza. Tunda la kwanza likikaribia kugeuka rangi, unahamia dawa zilizoandikwa siku moja mpaka tatu, zikiwemo zile za bakteria aina ya Bt. Asubuhi unachuma zote zilizoanza kugeuka rangi, hata kama hazijawa nyekundu, kwa sababu zitaivia ndani ya tenga. Jioni, nyuki wakiwa wamerudi, ndipo unapuliza. Kisha unahesabu. Ukifanya hivyo, mchumo unaofuata unakuta siku zimetimia na hujapoteza hata tenga moja.

Na kabla ya solo kuna kazi ya mikono. Tundika mitego ya harufu inayovuta madume ya kantangaze tangu unapohamisha miche. Usisubiri uone matundu. Chuma majani na matunda yaliyoliwa, funga kwenye mfuko wa nailoni uliozibwa, uache juani. Wengi wanayatupa pembeni ya shamba, yaani wanamfugia mdudu. Usipande nyanya mahali palipotoka viazi mviringo, biringanya au mnavu. Haya nimeyaandika mara nyingi. Anayeyafanya anapuliza mara chache na gharama inashuka. Anayesema hayawezekani, mara nyingi hajajaribu hata wiki mbili.

Jibu la tatu linanikera kuliko yote: "Wataziosha." Kuosha kunapunguza kilicho juu ya ganda, ndiyo. Lile vumbi jeupe au la kibuluu unaloliona kwenye nyanya za sokoni linapungua kwa maji na kusugua. Lakini dawa inayopenya ndani ya mmea haioshwi, kwa sababu haiko juu. Na mankozebu iliyobaki, ikipata moto wa jikoni, inageuka kuwa kemikali nyingine inayosumbua tezi ya thairoidi, ile ya shingoni. Umoja wa Ulaya ulikataa kuhuisha idhini ya mankozebu mwezi Desemba 2020. Huku kwetu mtu anaipuliza leo ili nyanya zing'ae na zidumu garini, kesho zinaliwa kwenye kachumbari, mbichi. Halafu unaniambia ataziosha. Mbona wewe zako huzioshi ukala?

Dalali naye ana sehemu yake. Yapo mashamba yananunuliwa nyanya zikiwa bado za kijani, na kuanzia hapo anayepanga siku ya kupuliza na siku ya kuchuma ni mwenye hela. Mlaji wa mjini naye akiona kitundu kimoja anarusha nyanya kama ameshika jongoo. Mjue kwamba kitundu kile kina bei, na bei yake ni dawa. Lakini solo iko mgongoni kwa mkulima. Sitaki kumfanya mkulima mtoto asiye na akili kwa kisingizio cha kumwonea huruma. Umaskini unaeleza mambo mengi, ila haubadilishi kilichomo ndani ya tenga.

Sasa nije kwetu, maafisa ugani, maana ningeishia hapo ningekuwa mnafiki. Mwenye duka moja la pembejeo aliwahi kuniambia, kwa lugha ya kistaarabu kabisa, kwamba nikiwaandikia wakulima wangu dawa fulani na wakaenda kwake na karatasi yangu, tutaangaliana mwisho wa mwezi. Nilikataa, na sijisifu, kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimelipwa posho na sikuwa na njaa. Ninawajua waliokubali. Afisa ugani mwenye kamisheni hawezi kukwambia upulize mara chache. Hawezi kukwambia kwamba dawa mbili ulizonunua ni kitu kimoja. Anakula kwenye kila chupa, na wewe unamwita mshauri. Ukiona mtaalamu anakutajia jina la biashara na jina la duka kabla hajaliona jani lako, muulize kiambato cha dawa na siku za kusubiri. Akikasirika, umeshapata jibu.

Na kamisheni si dhambi yetu pekee. Ipo ya kunyamaza. Mwaka juzi nilipata safari ya upande ule, nikapita kwa yule mama. Amezeeka kidogo, shamba sasa linaendeshwa na mwanawe. Baada ya shikamoo na chai nikamkumbusha ile siku ya nyanya, nikamwambia ilivyonisumbua. Alikaa kimya, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mbona siku ile hukuniambia? Ulisema asante. Mimi nikajua mtaalamu ameona ni sawa."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa mgeni kwenye kata, nilitaka wanipende, na kumkosoa mama aliyenipa mfuko wa nyanya niliona ni utovu wa adabu. Kwa hiyo nilikuwa na adabu kwake, na watu wa mjini wakala. Tunafanya hivi kila wiki. Tunaona solo inapulizwa karibu na matenga, tunasalimia, tunapita. Kwenye taarifa ya mwezi tunaandika "wakulima 40 wamepewa elimu".

Ninaloliomba kwa serikali yangu, nikiwa mtumishi wake na nikijua ninachosema, halihitaji semina nyingine. Sheria ya Afya ya Mimea Namba 4 ya 2020 ipo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania iliyoundwa kwa sheria hiyo iko Ngaramtoni, siyo mbali na masoko yetu, na wataalamu wapo. Na sisi kwenye halmashauri tuna kitu kimoja tunachokifanya bila kukosa: ushuru. Tenga halipiti getini bila kuhesabiwa. Jua lichome, mvua inyeshe, kijana wa mashine yupo, na risiti inatoka. Kama tunaweza kuhesabu kila tenga ili tupate fedha, tunaweza kuuliza swali moja kwenye geti hilo hilo: shamba hili lilipulizwa lini, na dawa gani? Jibu liandikwe, pamoja na jina la kijiji na namba ya gari. Kisha kila siku ya soko matenga machache yachaguliwe bila upendeleo, sampuli ziende maabara. Si lazima tupime yote. Ulaya hawakupima yote. Walipima sehemu, na wote wakaanza kuandika madaftari.

Nimeliongea hili kwenye kikao kimoja, nikaambiwa litaua soko la nyanya zetu, kwamba watu wakisikia tunapima wataogopa kula. Mimi naona kinyume. Mkulima anayesubiri siku zake leo anauza bei ile ile na anayepiga jana na kuchuma leo, tena pengine pungufu, kwa sababu za mwenzake zinang'aa. Soko lisilouliza linamwadhibu mwaminifu. Ninao wakulima wanne kwenye kata yangu ya sasa wanaoandika daftari la nyanya kama lile la maharage, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa na mnunuzi alionyeshe. Mmoja ameniambia msimu ujao ataacha, haoni faida. Sijui nimwambie nini zaidi ya kumwomba asiache.

Wanunuzi wa hoteli, shule na mama lishe mnaosoma hapa, nyinyi mnaweza kuanza kesho bila kusubiri geti. Mwambie anayekuletea nyanya akuonyeshe daftari. Asipokuwa nalo, mpe wiki mbili. Mkulima anaweza kuanza na daftari la kawaida la mistari: tarehe ya kupuliza, jina la dawa, kipimo kwa solo ya lita 16 au 20, siku za kusubiri kama zilivyo kwenye kibandiko, tarehe ya kuruhusiwa kuchuma, na jina la aliyepuliza. Basi.

Jumamosi hii nitakuwa gulioni Tengeru kuanzia saa tatu asubuhi, upande wanaposhushia ndizi. Njoo na chupa au pakiti za dawa unazotumia, zikiwa zimefungwa vizuri kwenye mfuko, hata zile zilizobanduka kibandiko. Tutazisoma pamoja, tutaandika siku za kila moja, na zile zisizo na usajili tutazitenga. Sitamuuliza mtu amepuliza lini. Hilo atajiuliza mwenyewe akifika nyumbani, akipita kwenye matenga kwenda nyuma ya nyumba kuchuma za mboga ya jioni.